Laptopu Kuukuu Inaganda? Pima Kwanza, Lipa Baadaye

Laptopu ikizeeka hukwama. Unafungua taarifa ya miamala ya mwezi, mshale unasimama, skrini inatulia tuli, na feni inavuma kama mashine ya kusaga unga. Unabonyeza hapa, unabonyeza pale, wapi! Hapo wengi huamua moja kati ya mambo mawili: kuipeleka kwa fundi yeyote aliye karibu, au kuanza kutafuta pesa za kununua nyingine.

Subiri kidogo. Laptopu inayoganda huwa na sababu, na sababu nyingi unaweza kuzijua wewe mwenyewe ukiwa nyumbani au dukani, bila kulipa hata shilingi moja. Ukishajua kinachoikwamisha, ndipo utajua kama kuna haja ya kutoa pesa, na za kufanyia nini.

Sisi kazi yetu ni malipo, si kuuza kompyuta. Lakini wateja wetu wengi wanaitumia hiyo laptopu kuukuu kwa mambo ya pesa: kulinganisha mauzo ya Till na daftari, kutoa ankara za eTIMS, kujaza ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni, au kuweka hesabu za chama. Laptopu ikiganda katikati ya kazi hizo, pesa zinaweza kupotea kwa njia nne: kulipa mara mbili, kupoteza rekodi, kutapeliwa na "msaidizi" wa uongo, na kulipia ukarabati ambao haukuhitajika. Tutazipitia zote.

1. Imeganda ukiwa unalipa: angalia simu

Tuanze na hali inayotia watu wasiwasi zaidi. Unalipia kitu kwenye tovuti. Ombi la PIN limekuja kwenye simu, umeweka PIN, halafu laptopu ikaganda kabla tovuti haijakuonyesha kama malipo yamepokelewa. Je, pesa zimeenda ama hazijaenda?

Jibu liko kwenye simu. Laptopu ilipeleka ombi tu. Malipo yenyewe hufanyika kati ya simu yako na mtandao wa malipo, kwa hivyo hata laptopu ikizimika saa hiyo hiyo, muamala haurudi nyuma. Fanya hivi:

- Usibonyeze tena kitufe cha kulipa, na usiufungue ukurasa upya.
- Tafuta ujumbe wa kuthibitisha malipo kwenye simu, ule wenye nambari ya muamala. Ukiuona, umelipa.
- Ujumbe ukichelewa, angalia salio lako na orodha ya miamala ya karibuni.
- Kama hukuweka PIN, hakuna pesa iliyotoka. Ombi hilo hujifuta lenyewe baada ya muda mfupi.
- Kama pesa zimetoka na tovuti haionyeshi, mpe muuzaji nambari ya muamala. Usilipe mara ya pili "kujaribu tu".

2. Kuifungua iliyoganda

Ipe dakika mbili tatu kwanza. Halafu bonyeza kitufe cha Caps Lock na uangalie taa yake ndogo. Kama laptopu yako haina taa hiyo, angalia kama mshale unasonga.

Taa ikiwaka na kuzima, laptopu bado iko hai, imelemewa tu na kazi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Windows itafunguka Task Manager. Chagua programu iliyoandikwa Not responding, kisha End task. Kazi ambayo hukuwa umeihifadhi kwenye programu hiyo inaweza kupotea, lakini zingine zitabaki salama.

Taa ikikataa kabisa na mshale umekufa, laptopu nzima imesimama. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde 10 mpaka izime. Iache ipoe kidogo, kisha uiwashe. Kuzima hivi mara moja moja si hatari kubwa, lakini usiifanye kuwa mazoea, kwa sababu faili iliyokuwa ikiandikwa inaweza kuharibika.

Andika mahali ni taa gani uliyoiona: hai au kimya. Laptopu inayolemewa mara nyingi ina shida ya nafasi au programu. Inayosimama kabisa mara nyingi ina shida ya joto, diski, RAM au kifaa kingine cha ndani.

3. Kabla ya kutengeneza chochote, toa rekodi zako

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye hasara kubwa zaidi. Laptopu ya zamani unaweza kuibadilisha. Hesabu za miaka mitatu za chama huwezi kuzinunua popote.

Ikiwaka tu, nakili faili muhimu kwenye flashi, na nakala nyingine uiweke mtandaoni au kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini. Anza na zile ambazo huwezi kuzipata tena: daftari la mauzo, orodha ya wadeni, michango ya wanachama, picha za risiti. Taarifa ya miamala ya simu unaweza kuiomba upya, kwa hivyo hiyo iache iwe ya mwisho.

Ukisikia diski inagonga, tik, tik, tik, au inakwaruza, simamisha kila kitu. Hiyo ni dalili kwamba diski inakufa. Usiiwashe na kuizima ukijaribu bahati, na usiendeshe programu za kurekebisha diski, maana kila jaribio linaweza kumaliza kilichobaki. Kama rekodi zilizo ndani ni za maana, mwambie fundi wazi: "Kazi ya kwanza ni kutoa data, mengine baadaye."

4. Inaganda wakati gani?

Fundi mzuri huuliza swali hili kabla hajashika bisibisi. Wewe pia anza hapo. Kwa siku mbili tatu, kila ikiganda andika saa, ulichokuwa ukifanya, na kama ilikuwa na joto. Kisha linganisha:

- Inaganda mara tu ikiwashwa, halafu inatulia baada ya dakika kumi: programu nyingi zinajiwasha zenyewe, au diski ni ya polepole.
- Inaganda ukifungua tabo nyingi za intaneti: RAM haitoshi.
- Iko sawa mwanzoni, inaganda baada ya nusu saa ikiwa moto: vumbi au feni.
- Inaganda ukifungua faili au folda fulani tu: huenda sehemu ya diski imeharibika.
- Inaganda ovyo ovyo, hata ukiwa hufanyi kitu: RAM mbovu, diski, au programu ya kuendesha kifaa fulani ambayo imepitwa na wakati.
- Inaganda ikiwa kwenye chaja tu: jaribu chaja nyingine halali yenye volti sawa kabla ya kulaumu laptopu.

5. Soma namba tatu

Fungua tena Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc. Kwenye sehemu ya Processes utaona asilimia za CPU, Memory na Disk. Tumia laptopu kama kawaida, na ikianza kuzubaa, angalia ni ipi iliyopanda.

*Memory ikikaa juu ya asilimia 90.* Fikiria duka lako. RAM ni kaunta: vitu unavyouza sasa hivi viko hapo, karibu na mkono. Diski ni stoo ya nyuma. Kaunta ikijaa, kila mteja akiitisha kitu lazima urudishe kimoja stoo ndipo ulete kingine. Duka halijafungwa, lakini foleni haisongi. Laptopu yenye RAM ya GB 4 iko katika hali hii karibu kila siku, kwa sababu Windows yenyewe na kivinjari cha intaneti huimaliza haraka. Dawa ya bure ni kufunga tabo na programu usizotumia. Dawa ya kulipia ni kuongeza RAM hadi GB 8.

*Disk ikikaa asilimia 100 ilhali hufanyi kitu.* Angalia kwanza kama Windows inajisasisha. Ikiwa ndivyo, iache imalize. Kisha angalia nafasi: diski C ikikaribia kujaa, laptopu hukosa mahali pa kuweka faili za muda. Acha angalau asilimia 15 ikiwa wazi. Halafu fungua sehemu ya Performance ubonyeze Disk. Mara nyingi hapo itaandikwa kama ni HDD au SSD. HDD ni sahani inayozunguka, na mkono mdogo unaotembea juu yake kutafuta data, kama milisekunde 10 hivi kila mara. SSD haina kinachozunguka, na hupata data hiyo kwa chini ya milisekunde 1. Kama una HDD inayofika 100 kila mara, tayari umempata mshukiwa mkuu.

*CPU ikikaa juu.* Bonyeza neno CPU lililo juu ya safu, programu inayokula zaidi ipande juu ya orodha. Mara nyingine ni programu mbili za kuzuia virusi zinazogombana, bakiza moja. Windows 10 na 11 tayari zina Windows Security ndani, bila malipo. Ukiona jina usilolijua linakula CPU usiku na mchana, fanya ukaguzi kamili wa virusi.

6. Kazi za bure ambazo huleta nafuu

Punguza zinazojiwasha. Ndani ya Task Manager kuna sehemu ya Startup. Zima programu usizohitaji asubuhi, kwa mfano za muziki, michezo na printa uliyouza zamani. Usizime ya ulinzi.

Ondoa programu za magendo. Zile za kulipia ambazo mtu "alikufungulia" bure ni mlango mkubwa wa virusi, na kirusi kinachoiba manenosiri hakiwezi kukaa kwenye laptopu moja na hesabu zako.

Washa upya kikamilifu. Kufunga kifuniko si kuzima. Chagua Restart angalau mara moja kwa wiki.

Ipe hewa. Usiiweke juu ya kitanda wala mto, kwa sababu matundu ya hewa yako chini. Chipu nyingi za laptopu hujipunguzia kasi zenyewe joto likikaribia nyuzi 100, na hapo ndipo unaona kila kitu kimekuwa kizito. Ikiwa imezimwa na haina chaja, pulizia vumbi matundu kwa hewa ya kopo, kwa vipindi vifupi. Kwa laptopu iliyokaa dukani karibu na barabara ya vumbi, hili peke yake linaweza kuleta tofauti.

Angalia betri. Kama sehemu ya chini imevimba, padi ya kugusa imeinuka, au kifuniko hakifungi sawasawa, acha kuitumia na usiichaji. Betri iliyovimba inaweza kushika moto. Usiitoboe wala kuikandamiza; mpelekee fundi aitoe.

7. Skrini "iliyofungwa" yenye nambari ya simu

Hapa tuelewane vizuri. Kuna kuganda kwa kweli na kuna kuganda kwa kuigiza. Unavinjari intaneti, ghafla skrini inajaa maandishi mekundu: kompyuta yako imefungwa, ina virusi, piga nambari hii haraka. Kengele zinalia na ukurasa unakataa kufungika.

Huo ni ukurasa wa tovuti tu. Microsoft imesema wazi kwamba ujumbe wake wa makosa na tahadhari hauna nambari ya simu. Ukipiga, "msaidizi" atakuambia uweke programu ya kumruhusu aongoze laptopu yako kutoka mbali, kisha alipwe ada. Akishaingia anaona barua pepe zako, manenosiri uliyohifadhi na taarifa zako za miamala.

Usipige. Bonyeza Alt na F4, au ukifunge kivinjari kupitia Task Manager. Ukikifungua tena, usikubali kikurudishie kurasa za awali. Kama tayari ulimruhusu mtu aingie, kata intaneti, tumia simu au kompyuta nyingine kubadilisha nenosiri la barua pepe na la benki, badilisha PIN yako, kisha utupigie sisi na benki yako kupitia nambari rasmi.

Na kumbuka: hakuna ukarabati wa kompyuta unaohitaji PIN yako ya pesa za simu. Hata mmoja.

8. Sasa tuzungumze pesa

Umefanya yote na bado inaganda? Sawa, toa pesa, lakini kwa mpangilio huu.

Kwanza, SSD badala ya HDD. Kwa laptopu kuukuu nyingi, hili ndilo badiliko linaloonekana zaidi. Kumbuka kubeba nakala ya faili zako kabla.

Pili, RAM. Muulize fundi kama laptopu yako inakubali kuongezwa, kwa sababu baadhi zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi. Pia, Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, kwa hivyo ukiongeza RAM bila kubadilisha hadi biti 64 umetupa pesa.

Tatu, kusafisha feni kwa ndani na kupaka upya dawa ya kupitisha joto, kama shida ni joto.

Mwisho kabisa, laptopu nyingine. Hapa umri una maana, maana Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inahitaji RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kama yako haifikii hapo, kuiongezea vipande ghali huenda kusikulipe. Kwa kazi za intaneti tu, unaweza kuuliza fundi kuhusu Linux Mint au ChromeOS Flex, ambazo ni za bure na nyepesi zaidi, ilmradi uhakikishe kwanza kwamba faili zako za kazi zinafunguka humo. Na ukinunua zile za ex-UK, fanya vipimo vya somo hili hapo hapo dukani, kabla hujalipa: Task Manager, aina ya diski, joto baada ya nusu saa.

9. Ukienda kwa fundi

Mpe maelezo, usimpe "imeharibika tu". Sema: "Inaganda baada ya nusu saa, inakuwa moto, CPU iko juu, diski ni SSD." Fundi akiona umepima, mazungumzo ya bei yanabadilika.

- Ondoa kadi, flashi na karatasi zenye manenosiri. Toka kwenye barua pepe na akaunti za benki, na ufute manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari.
- Elewaneni bei ya kupima na bei ya kutengeneza, kila moja kivyake, kabla hajafungua.
- Akisema amebadilisha kipande, omba kile cha zamani. Diski ya zamani hasa usiiache, ina data yako.
- Ijaribu mbele yake kwa hali ile ile iliyokuwa ikigandisha. Kama ilikuwa inaganda baada ya nusu saa, kaa nusu saa.
- Ndipo ulipe, ukisoma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Likiwa si la fundi wala la duka, uliza kwanza. Hifadhi ujumbe wa malipo. Pamoja na risiti, ndio ushahidi wako ikirudi kuganda wiki ijayo.

Zoezi la wiki hii

Usingoje igande. Leo laptopu ikiwa nzima, fungua Task Manager uandike CPU, Memory na Disk zikoje ukiwa umefungua programu zako za kila siku. Andika pia ukubwa wa RAM na kama diski ni HDD au SSD. Halafu nakili daftari lako la hesabu kwenye flashi. Ni kazi ya dakika 15. Siku itakapoganda, utakuwa na namba za kulinganisha, na rekodi za biashara au chama zitakuwa mahali pengine, salama.